Kwa Nini Picha Hukwama: Prosesa, Kadi ya Michoro na Lori la Majani

Naomba radhi mapema kwa wale waliofungua ukurasa huu wakitarajia vitendawili. Mwaka jana mlilalamika, tena kwa sauti, ati sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili hatujui kuandika jambo lolote ila ngeli na ushairi. Haya basi, leo nawaletea tarakilishi. Mwalimu mlezi wetu hulipenda neno hilo, tarakilishi, ilhali fundi wa maabara husema kompyuta, na akisikia lile lingine hucheka. Mimi nitayatumia yote mawili nisije nikakosana na mtu.

Jambo ninalotaka kulieleza ni hili: kwa nini picha zinazotembea kwenye skrini hukwama-kwama hata pale ambapo mashine ina nguvu za kutosha, na mtu afanye nini ili zitiririke. Nimejifunza jambo hili kwa kuhangaika nalo muhula mzima, na mwanzo wa mahangaiko yenyewe haukuwa maabarani. Ulikuwa katika kituo cha kununulia majani, kule kwetu Bomet, siku ambayo majani ya mama yalikataliwa.

Mnaotoka pande za chai mnajua mambo yalivyo. Mama alikuwa shambani tangu umande haujakauka, yeye na dada yangu, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, mpaka wakapata kilo 38. Kufika saa saba mchana magunia yalikuwa kituoni. Lori la kiwanda lilitarajiwa saa nane. Saa nane ikapita, saa kumi ikapita, mvua ya jioni ikanyesha ikaacha. Lori lilifika saa tatu usiku. Karani akatia mkono ndani ya gunia la mama, akautoa, akanusa kiganja. "Mama, haya yameungua," akasema. Majani mabichi yakishindiliwa ndani ya gunia kwa muda mrefu hupata joto yenyewe kwa yenyewe na kugeuka mekundu, na kiwanda hakiyataki. Kilo 38 zikamwagwa mtaroni. Mimi ndiye niliyeshika tochi.

Kilichoniuma zaidi nilikisikia kesho yake. Jirani yetu afanyaye kazi katika kiwanda hicho (sitakitaja, nanyi mnaokijua nyamazeni) alituambia kwamba jioni ile ile vitanda vya kunyaushia majani vilikuwa nusu tupu, na watu wa zamu walikuwa wamekaa wakipiga gumzo wakingoja majani yafike. Hebu fikirini! Wakulima wanangoja, kiwanda kinangoja, na katikati mali inaungua. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini sidhani kama waliwahi kuona ngoja ngoja ya pande mbili kwa wakati mmoja.

Ndipo mimi na mwenzangu wa Kidato cha Tatu tukaamua kwamba mradi wetu wa mashindano ya sayansi na uhandisi, yale ambayo wazazi wetu waliyajua kwa jina la Kongamano la Sayansi, utakuwa juu ya lori. Tungeandika programu inayoonyesha ramani ya miinuko yetu, vituo 14, barabara na malori, na kila furushi la majani liwe nukta moja. Nukta iwe ya kijani majani yanapochumwa, ya manjano saa zinapopita, na nyekundu yakiungua. Nukta 6,000 kwa jumla. Mtu angebadilisha njia ya lori kwa kubonyeza tu, kisha aone ni nukta ngapi zinaokoka.

Wazo zuri, sindio? Tulipoiwasha, picha zilitembea kama mzee anayepanda mlima wakati wa matope. Tuliweka kihesabio pembeni mwa skrini: picha 8 kwa sekunde. Sinema hutumia picha 24 kwa sekunde, na skrini ya maabara yetu hujichora upya mara 60 kwa sekunde. Sisi tulikuwa na 8, na mashindano yalikuwa yamebakia majuma saba.

Kabla sijaendelea, hebu nieleze ni nani hufanya nini humo ndani. Katika tarakilishi inayochora picha mna wafanyakazi wa aina mbili. Wa kwanza ni prosesa. Hiyo ifananishe na karani wa kituo: ni erevu, inajua hesabu, ukiiambia "ikiwa mvua imenyesha fanya hivi, la sivyo fanya vile" inaelewa. Ila mikono yake ni michache. Prosesa ya kompyuta yetu ina mikono minne tu. Wa pili ni kadi ya michoro. Hiyo ni kundi la wachumaji, mamia, na katika kadi kubwa maelfu, wote wakifanya tendo lile lile jepesi kwa wakati mmoja: pikseli hii iwe kijani, ile iwe nyekundu. Ukilipa kundi hilo kazi ya kuamua-amua mambo tofauti, linazorota. Ukilipa shamba zima la kuchuma kwa namna moja, hakuna karani duniani atakayelishinda. Skrini yenye pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na zote zinataka kupewa rangi mara 60 kila sekunde. Hiyo si kazi ya mtu wa mikono minne. Mwaka wa 1999 kampuni ya NVIDIA ilitoa kadi iliyoitwa GeForce 256, ambayo iliitua prosesa hata mzigo wa kukokotoa jinsi maumbo yanavyogeuka na kuangaziwa, na tangu hapo karani amezidi kuwaachia wachumaji kazi.

Sasa, prosesa ina kumbukumbu yake na kadi ina yake. Kati yao pana barabara. Mwaka wa 1992 ilitoka barabara iliyoitwa PCI, iliyopitisha megabaiti 133 kwa sekunde, tena ikitumiwa kwa kugawana na vifaa vingine, kila mtu akisukumana na mwenzake. Mwaka wa 1997 ikaja AGP, njia ya kadi ya michoro peke yake, iliyoanzia megabaiti 266. Mwaka wa 2003 ikaja PCI Express, ambayo hujengwa kwa safu kama barabara kuu: kila safu megabaiti 250 kwa sekunde, na kadi ya michoro aghalabu hupewa safu 16. Kompyuta yetu, iliyoletwa shuleni ikiwa imeshatumika kwingine, ina toleo la pili la barabara hiyo, ambalo ni megabaiti 500 kwa kila safu. Zidisha kwa 16 upate gigabaiti 8 kwa sekunde. Wekeni hesabu hiyo akilini, nitairudia.

Na kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui, nasi hatukulijua. Prosesa ikitoa amri "chora", hakuna kitu kilichochorwa bado. Imeandika karatasi tu na kuitia katika foleni. Kadi itaichukua karatasi hiyo ikimaliza zilizotangulia, na wakati huo prosesa inaendelea na shughuli zake. Wawili hawa hawatembei bega kwa bega. Prosesa huwa mbele kidogo, kadi nyuma kidogo, na foleni ndiyo inayowaunganisha. Mambo yakienda sawa, wote wana kazi muda wote.

Yetu hayakwenda sawa, na kama ilivyo desturi tulimlaumu asiyehusika. Tulisema kadi ni dhaifu. Mwenzangu alikuwa ameshaandika barua ya kumwomba mwalimu mkuu pesa za kadi mpya. Fundi wa maabara akaisoma ile barua, akacheka kile kicheko chake, akasema, "Vijana, kabla hamjanunua kitu, punguzeni dirisha." Tukapunguza dirisha la programu mpaka likawa robo ya skrini. Ikiwa wachumaji ndio waliolemewa, kuwapunguzia shamba mpaka robo kungewapa nafuu kubwa. Kihesabio kikabaki pale pale: picha 8. Kisha akatuonyesha hali ya prosesa: mkono mmoja ulikuwa umejaa kazi asilimia 100, mitatu imelala. Kumbe wachumaji wetu walikuwa wamekaa wakipiga gumzo! Karani ndiye aliyekuwa anazama.

Jaribio hilo la kupunguza dirisha halina gharama, na nawasihi wale wa mwaka ujao walifanye kwanza kabla ya kuandika barua kwa mtu yeyote.

Mwenzangu akageukia barabara. Labda ni nyembamba, akasema. Tukapiga hesabu. Kila nukta ilihitaji baiti 8 za kueleza mahali ilipo na baiti 4 za rangi, jumla 12. Nukta 6,000 ni baiti 72,000. Mara 60 kwa sekunde ni baiti 4,320,000, yaani megabaiti 4 na ushei. Kwa barabara ya gigabaiti 8! Hata ile PCI ya mwaka wa 1992 ingezibeba bila kutoa jasho.

Kosa lilikuwa katika safari. Tulikuwa tumeandika programu yetu hivi: chukua nukta ya kwanza, weka rangi, weka mahali, chora, chukua nukta ya pili, weka rangi, weka mahali, chora, mpaka 6,000. Kila amri ya kuchora hupitia kwa draiva, ambayo ni programu inayokaa mlangoni mwa kadi, na draiva hukagua kila karatasi: je, rangi imewekwa, je, kumbukumbu ipo, je, amri ni halali. Ukaguzi huo huchukua muda ule ule uwe umeleta nukta moja au nukta elfu. Tulipopima tuliona kila nukta ikila karibu mikrosekunde 20, yaani sehemu 20 kati ya sehemu milioni moja za sekunde. Kidogo sana. Lakini zidisha kwa 6,000 upate milisekunde 120, kisha gawanya milisekunde 1,000 za sekunde kwa 120. Jibu ni 8. Hesabu ilitukaa sawasawa. Ilikuwa ni kama lori linalokwenda kiwandani na kurudi kwa ajili ya konzi moja ya majani ya kila mkulima.

Dawa yake ni gunia. Katika lugha ya kompyuta gunia hilo huitwa bafa: sehemu ya kumbukumbu ambamo unapanga nukta zote mfululizo, kisha unatoa amri moja tu, "chora nukta 6,000 zilizomo humu." Tukafanya hivyo. Tena tukagundua kwamba ile picha ya ramani iliyo nyuma ya nukta tulikuwa tukiituma upya kila mara, pikseli 1024 kwa 1024, baiti 4 kwa kila pikseli, ambazo ni baiti 4,194,304 kwa kila picha. Mara 60 ingekuwa zaidi ya megabaiti 250 kwa sekunde, za kitu ambacho hakibadiliki! Vilima vya Bomet havihami. Tukaituma mara moja programu inapoanza, ikakaa katika kumbukumbu ya kadi, basi.

Kihesabio kikaruka kutoka 8 hadi 30. Tukanunua soda.

Soda haijaisha, mwenzangu akauliza, "Mbona ni 30 kamili? Mbona isiwe 37 ama 41?" Swali zuri. Skrini inapojichora mara 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16.7. Kadi hutumia mbao mbili: ubao mmoja unaonyeshwa kwa watu, mwingine unachorwa nyuma ya pazia, na mbao hubadilishana skrini inapoanza mzunguko mpya. Ukimaliza kuchora kwa milisekunde 16, umewahi. Ukimaliza kwa 17, umekosa gari kwa kitambo kidogo tu na itabidi ungoje linalofuata, hivyo picha yako inakaa milisekunde 33 na unaishia kuwa na picha 30. Kuchelewa kidogo hulipiwa kwa zamu nzima. (Wale wa katuni hawana taabu hii. Tinga Tinga Tales, zile hadithi za wanyama zilizotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa na BBC mwaka wa 2010, ziliandaliwa zote kabla ya kuonyeshwa. Picha ya katuni ikichukua dakika nyingi kuandaliwa, mtazamaji hajui. Yetu ilikuwa ya papo kwa papo.)

Tulikuwa tukikosa gari kwa sababu gani? Hapa naona haya kidogo, lakini niseme. Tulitaka pembeni mwa skrini pawe na tarakimu inayosema ni furushi ngapi zimeungua. Kwa hiyo baada ya kila picha tuliiagiza kadi ituletee picha iliyochora, kisha prosesa ihesabu pikseli nyekundu. Tulidhani gharama ni uzito wa picha. Gharama kubwa ilikuwa kungoja. Prosesa ikisema "nipe picha uliyochora", lazima isimame kabisa mpaka kadi imalize kila karatasi iliyo katika foleni. Halafu kadi ikishamaliza, foleni ni tupu, na yenyewe inakaa bure wakati prosesa inahesabu pikseli na kuandaa picha nyingine. Kwanza huyu anamngoja yule, halafu yule anamngoja huyu. Hawafanyi kazi pamoja hata dakika moja.

Nilipolielewa jambo hilo nilikaa kimya kidogo. Kilikuwa ni kituo chetu kabisa, usiku ule.

Dawa ilikuwa rahisi hata ikaudhi. Prosesa ndiyo iliyokokotoa rangi ya kila nukta kabla ya kuituma. Ilikuwa inajua tangu mwanzo ngapi ni nyekundu. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Na ikiwa kweli unahitaji kitu kirudi kutoka kwa kadi, agiza leo ukichukue baadaye: omba nakala ya picha hii, endelea na picha mbili tatu zinazofuata, kisha uje uichukue ikiwa tayari. Kinachoumiza ni kusimama mlangoni.

Tukafika 60. Na hapo ndipo majini yakaingia. Nukta zilianza kurukaruka. Furushi lililokuwa limefika kiwandani linaonekana tena barabarani, majani yaliyoungua yanarudi kuwa ya kijani, miujiza mitupu. Dada yangu alipoona alisema hiyo programu ipelekwe kwa mama, ni nzuri kuliko kiwanda.

Sababu ni hii. Tulikuwa na gunia moja, bafa moja. Kawaida draiva hulilinda: ukitaka kuandika ndani yake wakati kadi bado inalisoma, draiva hukusimamisha mpaka kadi imalize, au kwa ukarimu wake hukutafutia gunia jingine kimyakimya. Lakini sisi, katika kutafuta kasi, tulikuwa tumeuzima ulinzi huo. Basi kadi ikawa inasoma nukta ya 3,000 ya picha iliyopita wakati prosesa inaandika juu yake mahali papya. Nusu ya picha ni ya sasa, nusu ni ya zamani. Ukiurudisha ulinzi, unangoja, ukiuondoa, mnakanyagana.

Njia ya tatu ni kuwa na magunia matatu. Moja linajazwa na prosesa, la pili lipo katika foleni, la tatu linamwagwa na kadi. Kila kadi inapomaliza gunia huweka alama, kama karani anavyoweka alama kwenye daftari, na prosesa huitazama alama hiyo kabla ya kulijaza gunia hilo upya. Mambo yakiwa shwari, alama huwa imeshawekwa muda mrefu, na hakuna anayemngoja mwenziwe. Siku kadi ikilemewa, prosesa itangoja kidogo, lakini haitakanyaga kitu. Tulipoweka magunia matatu na alama zake, miujiza ikaisha na 60 ikabaki 60.

Mtaniuliza, ikiwa matatu ni mazuri, mbona si kumi? Tulijaribu. Picha zilitiririka kama maziwa, lakini ukibonyeza kubadilisha njia ya lori, hakuna kitu kinachotendeka, halafu baadaye ndipo linageuka, kana kwamba umelivuta kwa kamba ndefu. Kwani picha kumi zinazongoja katika foleni, kila moja milisekunde 16.7, ni milisekunde 167 za kuchelewa, na anayebonyeza anauhisi ucheleweshaji huo. Kiwandani ni vivyo hivyo: majani hukaa katika vitanda vya kunyaushia kwa saa 12 hadi 18 hivi, nayo ni akiba nzuri inayoiwezesha mitambo ya kusaga kuendelea hata lori likichelewa, lakini ukiyalundika kupita kiasi yanaharibika. Akiba iwe ya kuziba pengo tu. Magunia mawili au matatu yanatosha karibu kila mara.

Wanaojua zaidi yetu wataniambia kwamba zipo njia mpya. Ni kweli. Tangu mwaka wa 2016 kuna Vulkan, ambayo humwachia mwandishi wa programu alama zote, foleni zote na kumbukumbu yote azisimamie mwenyewe, na draiva hakagui tena kila karatasi. Ina kasi kubwa mikononi mwa anayeiweza. Mwenzangu anaipenda, mimi naona ni kama kukabidhiwa lori bila dereva wala breki. Na katika simu zenu, prosesa na chipu ya michoro hukaa pamoja na kutumia kumbukumbu moja, kwa hiyo ile barabara haipo. Lakini msidhani shida imekwisha. Watu wawili bado wanashika gunia lile lile, na alama bado zinahitajika.

Basi tukaenda mashindanoni. Kaunti ndogo tulipita, kaunti tulishika nafasi ya tatu, na waliosonga mbele walikuwa wawili. Inatosha kusema hivyo. Siku ya kufunga shule mwalimu alituruhusu kuiweka mashine ukumbini, na mwenyekiti wa kamati ya kituo chetu, ambaye alikuja kumchukua mjukuu wake, akaketi kiti cha mbele akaomba panya.

Mzee yule hakuuliza lolote kuhusu bafa. Aliitazama njia ya kawaida ya lori kwa muda mrefu. Katika programu yetu, kama katika hali halisi, lori huanzia kituo kilicho karibu na kiwanda na kungoja pale mpaka lijae nusu ndipo lisonge, na kituo chetu huwa cha mwisho. Akasema, "Linangoja nini hapa?" Nikamweleza kwamba linapunguza safari, kwani safari nyingi za mizigo midogo ni hasara, kama tulivyoona wenyewe. Akasema, "Sawa, lakini linangojea majani ambayo bado yako kwenye mti, na huku yaliyochumwa yanaiva." Sikuwa na jibu. Sisi tulipanga nukta 6,000 katika gunia moja kwa sababu zote zilikuwa tayari kwa wakati mmoja. Laiti zingekuwa zinakuja mojamoja kwa saa nane, kungoja gunia lijae kungekuwa ujinga. Mzee akaligeuza lori lianzie vituo vya mbali, lisingoje kujaa. Nukta nyekundu zikashuka kutoka 1,900 na kitu hadi chini ya 700. Akarudisha njia ya zamani, akatazama tena zikipanda. Akafanya hivyo mara nne.

Kamati ilikwenda kiwandani, na kiwanda kikakubali kujaribu njia hiyo siku mbili kwa juma, kwa mwezi mmoja. Siku ya kwanza lori lilifika kituoni saa kumi kasorobo. Karani akatia mkono guniani, akautoa, akapima. Mama alikuwa na kilo 41.

Juma lililofuata mvua kubwa ikanyesha siku tatu mfululizo, lori likazama kwenye matope ya daraja la chini, na majani yakaungua kama kawaida. Programu yetu haina matope. Muhula ujao tutayaweka, na hapo kila nukta italazimika kukokotolewa upya kila picha kwa kufuata hali ya kila kipande cha barabara, kazi ambayo prosesa ya mikono minne itaihisi. Mwenzangu anataka hesabu hiyo yote ifanyiwe ndani ya kadi, na wachumaji wenyewe, ili nukta zikae huko huko zisisafiri kabisa. Mimi nasema tupime kwanza.